Kwetu Mhimili Hulala

Mapendo mwanangu,

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya akipata darubini ni kuangalia bomba. Analisifu bomba, anapima upana wake kwa kiganja, anauliza linaona mpaka wapi. Habari za miguu hakuna anayeziuliza. Lakini kwa mtu anayetaka kupiga picha za vitu vya mbali, yale mawingu ya gesi na makundi ya nyota ambayo jicho peke yake haliyapati, bomba ni nusu ya kazi tu, tena ile nusu rahisi. Kazi ngumu iko chini, pale bomba linaposhikwa na kugeuzwa taratibu ili lifuate anga. Nilichelewa sana kulijua hilo. Aliyenionyesha ni wewe, na tangu siku ile nakuonea wivu.

Nimeliandika neno hilo mapema ili lisinizungushe ukurasa baada ya ukurasa. Ni wivu. Hofu ya baba ipo pia, na huzuni ya kuachwa ipo, ila mama yako ana hizo mbili za kutosha nyumba nzima.

Habari za safari yako ya chuo sitazigusa. Maji ya kuchemsha, chandarua, watu wa kukaa nao na watu wa kusalimia kwa mbali, yote hayo mama yako ameshakuambia. Mjomba wako Sylvestre, atakayekuja na moto, ile pikipiki yake, kukupeleka Walikale, anajua barabara na vizuizi vyake kuliko mimi, na lori la Kisangani atalitafuta yeye. Mimi nina jambo moja tu. Jioni hii tukiwa tunakula uliniuliza, "Papa, darubini iende na miye, ao ibaki?" Nikasema nasikia ng'ombe wa jirani wameingia kwenye maharagwe yetu, nikatoka. Ng'ombe hawakuwapo, nawe ulijua. Barua hii ni jibu. Utaikuta juu ya begi lako. Lakini kwanza nikueleze kwa nini jibu lilinishinda pale mezani.

Nilipokuwa kijana nikisomea ualimu Bukavu, nilikuta katika maktaba kitabu cha Kifaransa chenye picha ya lile wingu la Orioni, lililo chini ya zile nyota tatu zilizopangana. Picha haikuwa na rangi, na karatasi ilikuwa imeliwa na unyevu pembeni. Nilirudi kuitazama mpaka mwangalizi wa maktaba akaniuliza kama kuna ndugu yangu mle ndani. Kisha nikaja huku kufundisha, na kila mwaka, somo la kosmografia lilipofika, nililichora wingu lile ubaoni kwa ubavu wa chaki. Kila mwaka alikuwapo mwanafunzi wa kuuliza, "Mwalimu, wewe umeliona?" Nami nilijibu kwamba limepigwa picha. Unaona kwamba hilo si jibu. Wao pia waliona.

Ndiyo maana yule daktari mgeni wa kituo cha afya, alipoambiwa aondoke upesi kwa sababu mapigano yanakaribia, na akaniachia darubini yake kwa kuwa mimi peke yangu niliwahi kumwuliza kilichomo sandukuni, nililia njia nzima nikiibeba kupanda mlima. Nilikuwa nimeshastaafu. Nikasema sasa wakati wangu umefika. Kamera nikaipata Kitshanga, kwa mpiga picha wa harusi aliyehamia kwenye simu na kuona ile kamera kubwa inamchosha shingo.

Misimu miwili ya kiangazi nilijaribu peke yangu. Wewe ulikuwa shuleni kwenye bweni, hukuyaona mengi. Acha nikueleze, hata unayoyajua. Mwalimu akistaafu, mdomo haustaafu pamoja naye.

Jicho letu linapokea mwanga na kuumwaga papo hapo, kama mtu anayekinga mvua kwa kiganja. Kamera ni beseni lililowekwa chini ya bati: likiachwa hapo, matone hafifu yanajaa. Kwa hiyo unaiacha kamera ikiwa wazi nusu dakika, dakika nzima, ili mwanga wa lile wingu ujae. Tabu ni kwamba dunia inazunguka, na nyota zote zinatembea. Beseni lisipotembea pamoja nazo, kila nyota inaacha mkwaruzo badala ya nukta. Basi darubini inapewa mhimili wenye mota ndogo, nao unaigeuza kinyume cha mzunguko wa dunia, na kwa macho ya kamera nyota zinasimama.

Za kwangu hazikusimama. Kila picha ilijaa vijistari virefu vilivyopinda. Mama yako, ambaye ni mtu wa msitu wa Walikale, ambako viwavi ni kitoweo, na kwa viwavi hadanganyiki, alinyoosha shingo juu ya ordinateri, kompyuta yangu ya zamani, akasema, "Hizi njo zimenona. Utazikaanga lini?"

Nikasema mota ni dhaifu. Nikabadilisha betri. Nikasema upepo, nikajenga ua wa matete kuzunguka darubini. Usiku wetu una umande mzito, kioo kilikuwa kinaloa kabla picha ya kwanza haijaisha, basi nikaweka mbabula ya makaa chini ya bomba ili nikikaushe, kama tunavyokausha nguo za mtoto mchanga. Kioo kilikauka kweli. Lakini hewa ya moto ikapanda mbele yake na nyota zikaanza kutetemeka kama zina malaria, na asubuhi nikakuta masizi kwenye kioo. Mtu aliyefundisha sura nzima ya mwendo wa hewa ya moto ndiye aliyefanya hivyo. Nilikisafisha kwa maji ya mvua na pamba.

Tena kulikuwa na shauri la usalama, nalo unalijua. Bomba nene juu ya miguu mitatu, mlimani, gizani, katika nchi kama hii yetu: nani ataamini ni chombo cha kutazamia? Chifu wa kijiji alikuja mwenyewe, akasimama mbali kidogo. Akauliza, "Mwalimu, hii mortier yako inalenga nani?" Nikamwambia si mzinga, inalenga nyota tu. Akarudi hatua moja nyuma. "Basi nyota zikirudisha, miye sipo." Tukakubaliana kwamba kila nitakapoitoa nitampa habari mchana, na yeye atawaambia wenye bunduki wa wakati huo. Mama yako akaongeza lake: akalifunga bomba kitenge chake cha zamani, kile chenye maua ya njano, ili mtu akilitazama kutoka barabarani aone mwanamke aliyesimama. Tangu hapo akaanza kuiita mbanda wake, mke mwenzake. Nikichelewa kuingia ndani anauliza kwa sauti ya majirani kusikia, "Leo unalala kwa mbanda wangu?"

Nakukumbusha mizaha hii kwa sababu ilikuwa yangu. Watu walicheka, lakini walisema "darubini ya Mwalimu". Nilikuwa mtu anayeshindwa jambo kubwa, na kushindwa jambo kubwa kuna heshima yake. Kisha ukamaliza mtihani wa dola, ule wa kumaliza sekondari, ukarudi nyumbani kungoja matokeo.

Siku ya pili tu nilikukuta unazitazama zile picha zangu mbovu. Nilikuwa nimeapa kuzifuta. Ulizipanga moja baada ya nyingine, kisha ukasema bila kuinua kichwa, "Papa, mota ingekuwa mbaya, hizi zingekuwa za kurukaruka. Angalia, zote zinapinda upande moja."

Nikasema ni bahati mbaya.

"Bahati mbaya haina upande," ukasema.

Ukatoka nje. Nilikuona kwa dirisha ukiizunguka ile stendi, ukichutama, ukiweka shavu kwenye chuma kama mtu anayelenga. Uliporudi uliniuliza mhimili unaangalia wapi. Nikakujibu kwa subira, ile subira yangu ya darasani, kwamba unaangalia ncha ya mbingu, pale anga linapozungukia, kama kitabu kinavyoonyesha. Nikakufungulia kitabu. Mchoro ulikuwa pale: miguu mitatu, na mhimili umeinuka nusu ya pembe mraba, kama mtu aliyekaa kitini akitazama dari.

"Ncha ya mbingu ya wapi, Papa?"

Ukaendelea, taratibu, bila kejeli, na afadhali ungekuwa na kejeli: "Si wewe mwenyewe njo ulitufundisha? Ncha iko juu sawasawa na latitudo ya fasi muntu anasimama. Wale walioandika kitabu wako mbali kaskazini. Siye latitudo yetu ni moja na kidogo. Kwetu mhimili unapashwa kulala."

Sentensi hiyo nilianza kuifundisha kabla sijamwoa mama yako. Niliiandika ubaoni mwaka baada ya mwaka, nikaipigia mstari chini, nikawanyima alama waliokosea. Anayesimama kwenye ncha ya dunia, mbingu zinazunguka juu ya utosi wake. Anayesimama kwenye Ikweta, mbingu zinazungukia kwenye upeo, kaskazini na kusini, nyuma ya vilima. Niliijua kabisa. Lakini ilikuwa elimu ya ubaoni. Uwanjani niliamini mchoro. Chombo kilitoka mbali, nami nikakiheshimu mpaka mkao wake, kama mtu anayepewa kiti na mgeni akaogopa kukisogeza. Misimu miwili nilipiga picha za anga la Masisi nikiwa nimeielekeza darubini kwenye ncha ya mbingu ya Ulaya.

Mwalimu mwema angefurahi. Nimewahi kuwaambia vijana wengi kwamba furaha ya mwalimu ni mwanafunzi anayemzidi, na niliamini nilipokuwa nikisema, maana hakuna aliyekuwa amenizidi bado. Siku ile nilichosema ni, "Kitabu hakisemi hivyo." Kisha tukajaribu kuushusha mhimili, na skrubu ikagota njiani, maana waliokitengeneza chombo hawakuwaza kwamba mtu wa huku atakitumia, na ukiulazimisha zaidi, lile jiwe la chuma la kusawazisha uzito linagonga mguu wa stendi. Nikakwambia, "Umeona? Haishuki." Nilifurahi, Mapendo. Nilifurahi kwa sababu kilikwama.

Ulikwenda Kitshanga kwa Papa Bahati, anayetengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea viazi, ukamchorea kabari ya mti wa mkaratusi ya kuwekwa chini ya kichwa cha stendi, iinamishe chote pale skrubu inapoishia, na tena ilisogeze jiwe mbali na mguu. Uliniambia alivyokuuliza kama ni chukudu ya kwenda mbinguni, na kama ndivyo, breki iko wapi. Ulicheka sana ukinisimulia. Mimi nilikuwa naangalia viungo vya ile kabari, nikitafuta mahali palipokatwa vibaya. Hapakuwapo.

Usiku ule wa kwanza wa kujaribu ulikuwa wa mwezi wa kwanza, Orioni imerudi kwenye anga la jioni, mvua zimepumzika, hakuna hata moshi. Ule wekundu wa volkano ulikuwa umelala chini kabisa upande wa Goma. Wengine duniani wanalalamikia taa za miji, sisi tunalalamikia mlima. Nilisema baridi imenishika mgongo, nikaingia kulala. Mgongo ulikuwa mzima. Nililala macho wazi, nikisikia kamera yako kupitia ukuta: mlio mdogo, kimya kirefu, mlio mdogo tena. Mama yako alikuletea chai nje, yeye ambaye mimi hakuwahi kunitolea hata kikombe, nikawasikia mnacheka chini chini. Na mimi, niliyekuwa nimeomba anga safi misimu miwili mfululizo, niliomba wingu. Moja tu, lipite juu ya uwanja wetu, kisha liende zake Walikale likanyeshee msitu.

Halikuja.

Asubuhi ulikuwa bado kwenye ordinateri, unaunganisha. Nilipoketi ukanieleza unachofanya. Nikaitikia kama mtu anayejua, lakini ilikuwa mara ya kwanza nalielewa jambo hilo, kwa sababu ulilieleza kwa mfano ambao ningetamani uwe wangu. Ulisema kila picha moja ina uongo wake, chembechembe za kelele zinazozaliwa ndani ya kamera yenyewe. Ni kama shauri la mpaka wa shamba kwenye baraza. Shahidi mmoja anaweza kudanganya. Lakini walete mashahidi wengi, kila mmoja na uongo wake: uongo haufanani, kwa hiyo unafutana, na kile wanachokubaliana wote kinabaki peke yake katikati. Ukazipandanisha picha zote, na kilichobaki katikati kilikuwa wingu la Orioni.

Halikufanana na chaki yangu. Lilikuwa na mabawa mawili ya rangi ya waridi iliyokolea, bawa moja limekunjwa, na koo jeusi likiingia mpaka karibu na moyo wake. Kandokando palikuwa na ukungu wa samawati ambao hata kile kitabu cha Bukavu hakikuwa nao. Ulinitazama usoni. Nilijua unachongoja. Nami nikaweka kidole kwenye kioo cha ordinateri nikasema, "Hapa katikati pameungua, mwanga umezidi."

"Ndiyo, Papa," ukasema, "nitachukua zingine fupi nizichanganye." Wala hukuumia, kwa sababu ilikuwa kweli, na wewe kweli inakufaa popote inapotoka. Hilo nalo nikakuonea wivu.

Nilichojifunza baada ya hapo hakikunijia kwa siku moja, na sikuandikii ili ukifanye sheria. Nimegundua tu kwamba wivu unampa mtu macho makali kwa mambo madogo. Nilikuwa mtu wa kwanza kuona nyota iliyovutika pembeni mwa picha yako, au vumbi, au alama ya kidole chako kwenye lenzi. Miezi yote hiyo nilisimama karibu nawe nikishika tochi yenye kitambaa chekundu, na kila ulipoinama kurekebisha mhimili nilitazama juu. Nilikuwa nasubiri wingu. Sikutazama mikono yako. Mtu wa rika langu, mwenye diploma yangu, amesimama pembeni ya kazi aliyoitamani maisha yake yote, hatua moja kutoka inapofanyika, asijifunze kitu.

Watu wakaanza kusema "darubini ya Mapendo". Picha ikatembea kwenye simu, ikafika Kisangani, na yule profesa wa chuo kikuu cha huko akataka kuongea nawe. Tulipanda kilimani kutafuta mtandao, nikakaa karibu nawe kwenye nyasi. Simu uliiweka sauti kubwa kwa heshima yangu. Akakuuliza mambo mengi, ukajibu vizuri. Kisha akauliza, "Nani alikufundisha?" Ukasema, "Nilijaribujaribu tu, Profesa."

Nimeitafuna sentensi hiyo tangu siku ile kama mfupa usio na nyama. Nilitaka useme "Papa". Nilitaka kuichukua simu nimwambie profesa kwamba ile habari ya latitudo, nani unadhani aliiandika ubaoni? Lakini ulisema kweli. Ulijaribujaribu, kweli, na mimi nilikuwa ndani nimejifunika blanketi. Na sasa unamwendea yeye. Ana darubini kubwa kuliko hii yetu, ana vitabu, ana macho ya kijana. Atakuwapo siku utakapopata picha itakayoifanya ile ya kwanza ionekane ya kitoto, naye, kwa kuwa hana sababu ya kufanya vinginevyo, atafurahi mara moja.

Kuna jambo hujui. Ulipokwenda Muheto kumwuguza bibi yako, niliitoa darubini peke yangu. Nikampa chifu habari, nikaulaza mhimili juu ya kabari yako, nikaulenga kusini kwa ile mistari uliyoichora kwenye jiwe la uwanjani. Mpaka hapo nilikuwa sawa. Nikapata nyota, nikaiweka kwenye msalaba wa lenzi, nikangoja, nikaona inapanda taratibu. Maana yake mhimili haujaelekea sawasawa, unahitaji kusukumwa kidogo, mashariki au magharibi. Nikasukuma. Nyota ikakimbia zaidi. Nikasukuma huku, nikasukuma kule, mpaka sikujua tena nilipoanzia. Nikaifunga kitenge chake. Uliporudi nilikwambia kulikuwa na mawingu. Mama yako alikuwapo, alijua hakukuwa na hata moja. Alingoja utoke ndipo akasema, "Mbanda amekukatala?"

Na la pili hujui. Jicho langu la kushoto limeingia ukungu. Muuguzi wa kituo ameliangalia, anasema ni mtoto wa jicho, na la kulia huenda likafuata. Goma wanapasua, na siku barabara itakapokuwa tulivu nitakwenda, kwa hiyo usilibebe jambo hili mpaka Kisangani kama mzigo. Nakuambia ili ujue ninachokitaka na kwa nini nakitaka sasa. Nyota kwenye msalaba wa lenzi ni kitu kidogo sana. Bado naiona kwa jicho la kulia. Sijui nitaiona mpaka lini.

Sasa jibu. Nilipotoka kwenda kufukuza ng'ombe wasiokuwapo nilikuwa nimeandaa sababu. Kisangani kuna joto na unyevu, mbingu yake ni nyeupe kama maziwa, na taa za mji zipo. Profesa ana chombo bora. Moto ya Sylvestre itaruka mashimo mpaka kioo kitoke mahali pake. Wanafunzi wa hapa nao wanahitaji kuona. Sababu hizi zote ni kweli, na ningeweza kukuandikia kila moja kwa mwandiko mzuri. Hakuna hata moja iliyo yangu.

Sababu yangu ni kwamba naitaka. Mvua zinaisha. Baada ya Noeli, lile wingu litakuwa linapita juu ya bati letu kila jioni mpaka mvua za mwezi wa tatu zirudi, na nataka lipite mimi nikiwa chini yake na mkono wangu kwenye kamera. Nataka picha moja, hata iwe mbaya kuliko yako, niliyoilenga, niliyoisubiri na niliyoiunganisha mimi. Wewe una mbingu nyingi za kupitia. Mimi naomba msimu mmoja.

Basi darubini ibaki. Mvua zikirudi nitaitoa kwenye stendi, nitaifunga kwa godoro, kabari ya Papa Bahati pamoja nayo, na Sylvestre ataileta mpaka Walikale na kuitafutia lori la uhakika la Kisangani, iwe nimepata picha au nimepata viwavi. Ikifika ni yako, na hakuna atakayekuja kuidai. Utaitumia huko huko, maana Kisangani pia iko karibu na Ikweta, na huko pia mhimili utalala. Najua utakapotazama zile nyota tatu zikipanda juu ya mto, na mikono yako haina kitu, utaniona mimi uwanjani na chombo chako, na utasikia kitu kikikuchoma kidogo kifuani. Msimu huu unionee wivu wewe. Mimi nimeshika zamu ya kutosha.

Imebaki kwamba kazi yenyewe siijui. Usiniachie maelezo kwenye karatasi, maana kitabu nimekwisha kukiamini mara moja na umeona kilichotokea. Usiahidi kunieleza kwa simu pia. Nitasema nimeelewa, unanijua.

Kwa somo la kwanza hatuhitaji nyota. Nimeshaitoa darubini. Asubuhi, ukiisha kunawa uso, kabla ya chai na kabla Sylvestre hajafika, toka uwanjani unionyeshe kwa mikono yako: nyota ikipanda, nasukuma upande gani.

Papa